Sinema ya almasi iliyotumia vita vyetu

Mei 1964 mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, uliangukia mikononi mwa waasi wa Simba. Wafuliru, watu wa Lemera na wa bonde la Ruzizi, waliinuka chini ya Musa Marandura, wakiamini kwamba dawa ya Mulele, kiongozi wa waasi, ingegeuza risasi kuwa maji. Mwaka 1968 kampuni ya MGM ilitoa filamu kuhusu vita vya Simba, *Dark of the Sun*, iliyotokana na riwaya ya Wilbur Smith. Haikupigwa Kongo. Reli na msitu unavyoviona humo ni vya Jamaika.

Mamluki Curry anatumwa kwa treni hadi mji wa machimbo kuokoa Wazungu, lakini hasa anafuata almasi za dola milioni 50. Kuna sehemu moja nzuri sana. Sefu imetegwa saa, haifunguki mpaka saa 3 zipite. Watu wanangoja huku Simba wanakaribia. Treni inapoondoka hatimaye, kombora linakata behewa la mwisho, nalo linaanza kurudi nyuma kuelekea mjini, watu na almasi wakiwa ndani. Mwongozaji Jack Cardiff alikuwa mpigapicha aliyeshinda Oscar, na hapo utaalamu wake unaonekana.

Waigizaji ndio wanaosikitisha. Rod Taylor, anayeigiza Curry, anakunja uso tangu mwanzo hadi mwisho. Yvette Mimieux hakupewa kazi zaidi ya kuogopa. Kenneth More, anayeigiza daktari mlevi, anakataa kupanda treni ili amhudumie mama anayejifungua, na kamera inamwacha na kurudi kwenye almasi! Mtu wa Lemera hawezi kulipokea hilo kirahisi. Katika hospitali yetu ya misheni, daktari Denis Mukwege alianza kazi mwaka 1983, na mateso ya akina mama wakati wa kujifungua ndiyo yaliyomfanya akasomee uzazi. Kisa cha kweli kilikuwa hapo, kwa yule daktari wa filamu.

Simba wenyewe wanalewa, wanachoma, wanakufa. Hakuna anayeuliza kwa nini walishika mikuki. Jim Brown, bingwa wa kandanda ya Kimarekani, ndiye anayeigiza Ruffo, askari Mkongomani anayesema kwa uchungu kuhusu nchi yake. Ni yeye tu aliyenigusa. Naye anauawa na mmoja wa mamluki wa Curry kwa tamaa ya almasi, ili Curry apate sababu ya kulipiza kisasi.