Watoto wa Novemba 1996: Kiwewe cha Utotoni na Hofu ya Kutengana, Bwera na Kasese

Historia ya vita katika Wilaya ya Kasese imeandikwa zaidi kwa hesabu ya waliouawa na nyumba zilizochomwa. Insha hii inajadili jambo lisilohesabika kwa urahisi: mtoto aliyetenganishwa na wazazi wake vitani hubaki na nini akiwa mtu mzima? Hoja yangu ni kwamba katika baadhi ya nyumba vita vile havijaisha. Vinaendelea kama hofu ya kutengana.

Tarehe 13 Novemba 1996, waasi wa ADF walivuka mpaka kutoka Zaire ya wakati ule na kushambulia Mpondwe, karibu na Bwera. Jeshi la Uganda liliwarudisha nyuma baada ya siku kadhaa, lakini waasi walijificha katika milima ya Rwenzori na mashambulizi yakaendelea kwa miaka. Tarehe 8 Juni 1998 walichoma mabweni ya Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, wilaya jirani ya Kabarole. Wanafunzi wapatao 80 waliuawa na wengine wengi wakatekwa.

Mama yangu alikuwa na umri wa miaka 9 watu walipokimbia Bwera. Katika msongamano wa barabara ya kwenda Kasese alipotezana na bibi, akakaa siku nne kwa watu asiowajua. Haya alinisimulia nikiwa tayari chuoni. Nilichokijua kabla ya hapo ni kwamba tukichelewa kurudi sokoni alisimama njiani hadi tufike. Nilipopelekwa shule ya bweni, alikuja kunichukua kabla ya mwezi kwisha, nikamalizia masomo katika shule ya kutwa. Nilikasirika sana. Nilidhani ni ukaidi.

Wataalamu wameliona jambo hili zamani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliolea watoto jijini London, waligundua kwamba kutengwa na mama kuliwaumiza watoto wengi kuliko mabomu yenyewe. Mwaka 1951 John Bowlby aliandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani kuhusu madhara ya kumkosa mama. Mwenzake, Mary Ainsworth, alikuja Uganda mwaka 1954, akachunguza watoto wachanga katika vijiji vya Buganda, na kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Kwa hiyo elimu hii haikutoka Ulaya tu. Sehemu ya msingi wake iliwekwa hapa nchini. Lakini kwa muda mrefu hofu ya kutengana ilichukuliwa kuwa ugonjwa wa watoto. Ni mwaka 2013 tu ambapo mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliondoa sharti kwamba lazima ianze kabla ya miaka 18.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba kila aliyekimbia mwaka 1996 ni mgonjwa. Wengi walilelewa vizuri na ndugu na majirani, wakatulia. Isitoshe, Kasese imepata misiba mingine: mafuriko ya mto Nyamwamba mwaka 2013 na 2020, na mauaji ya Novemba 2016 katika kasri la Mfalme wa Rwenzururu. Ni vigumu kutenga chanzo kimoja.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Niliwahi kuitumia methali hiyo dhidi ya mama. Kisha usiku wa tarehe 16 Juni 2023, washambuliaji waliingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, pale pale Mpondwe. Wanafunzi 37 waliuawa na wengine wakatekwa. Alichokiogopa mama hakikuwa ung'ongo. Tangu siku hiyo naona kwamba hofu ya mtu mzima inaweza kuwa kidonda na pia kumbukumbu sahihi ya mahali anapoishi.

Kwa kuhitimisha, watoto wa Novemba 1996 sasa wana umri wa karibu miaka 30 na kuendelea, nao wanalea. Sisi wanafunzi wa historia tukusanye masimulizi yao wangali hai. Tusiwaulize tu nani aliuawa. Tuwaulize pia walipotezana na nani, na kwa siku ngapi.