Picha ya janga ku ordinatere: namna ya kuanza

Mwaka 1974, katika filme Earthquake ya Marekani, watu waliona muji wa Los Angeles umebomoka. Hakuna muji uliobomolewa. Muchoraji Albert Whitlock njo alipaka majengo yale yaliyovunjika kwa brashi na rangi, kisha yakaunganishwa na picha za watu wa kweli. Leo kazi hiyo inafanyika ku ordinatere, na hata mutu anayeanza anaweza kuijaribu. GIMP na Krita ni programu za bure, na ukisha kuzipakua zinafanya kazi bila intaneti.

Tuchukue mufano tunaoujua: lava inaingia mu kartye ya Goma, sawa vile tarehe 17 Januari 2002.

Anza na picha uliyopiga wewe mwenyewe, barabara na nyumba, siku ya mawingu. Jua kali linaacha vivuli ambavyo kuviondoa ni kazi nguvu sana. Picha hiyo ikae chini, usiiguse. Kila kitu unachoongeza (mulima, moshi, lava) kiwe na tabaka yake juu, ili ukikosea ufute hicho tu. Mulima ukiutoa mu picha ingine, angalia kama ilipigwa kutoka usawa ule ule wa macho. Iliyopigwa kutoka juu itakataa, hata uipake rangi namna gani.

Wengi wanashindwa ku mwanga. Usiku wa 22 Mei 2021 wakaaji waliona mbingu nyekundu juu ya muji: lava njo ilikuwa taa, na mawingu yakaurudisha ule mwanga chini. Kwa hiyo giza picha yote kwanza. Kisha weka wekundu chini ya mawingu, ku manjanja, na ku upande wa ukuta unaoangalia lava. Upande mwingine ubaki mweusi. Vitu vya mbali vifunike na moshi mwepesi, brashi laini ya asilimia 10 hadi 20, pole pole.

Lava yenyewe, usiipake yote rangi ya chungwa kama jusi. Ikianza kupoa inakuwa nyeusi juu, moto unaonekana mu nyufa na mbele inapoendelea. Tena ile ya Nyiragongo ni nyepesi, inakimbia chini chini kufuata barabara na mabonde. Si ukuta mrefu wa filme. Ikiisha kupoa, Goma haikosi mufano: majiwe yake njo tunajengea nyumba na uzio. Toka nje, piga picha zake karibu, uzitumie.

Kazi ikiisha, andika MUCHORO na tarehe ndani ya picha, katikati, kwa herufi kubwa. Ku kona mutu anaikata kwa sekunde moja, na maneno unayoandika chini ya picha yanaweza kupotea picha ikitumwa ku WhatsApp. Mwezi ule wa Mei 2021 matetemeko yaliendelea siku nyingi, na tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu ya Goma iondoke. Familia zikaelekea Sake, Bukavu na Rwanda, zingine kwa miguu. Siku kama hizo, picha isiyo na alama inaweza kumutoa mama na watoto ndani ya nyumba usiku. Faili lenye tabaka zote lihifadhi pia: mutu akiuliza kama ni kweli, unamufungulia, unaondoa lava mbele ya macho yake.