Umbali wa anga kati ya Dar es Salaam na Mtwara

Umbali wa anga kati ya Dar es Salaam na Mtwara ni takriban km 400 (maili za baharini 215 hivi) ukipimwa kwa mstari ulionyooka kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (IATA: DAR) hadi Uwanja wa Ndege wa Mtwara (IATA: MYW, ICAO: HTMT), kusini-mashariki mwa Tanzania. Ndege za abiria hutumia saa moja hivi.

Umbali huu unaweza kukadiriwa kwa ramani tu. Viwanja hivyo vimepishana nyuzi 3.5 hivi za latitudo, na karibu na ikweta kila nyuzi ni km 110 na ushei. Hiyo ni km 383 kuelekea kusini. Kwa upande wa longitudo vimepishana karibu nyuzi moja, yaani km 108 kuelekea mashariki. Kwa kanuni ya Pythagoras jibu ni km 398.

Air Tanzania na Precision Air zimehudumia njia hii, hasa kwa ndege za mapanga kama Dash 8-400 na ATR. Ndege inayokwenda km 500 kwa saa ingemaliza safari kwa dakika 48, lakini hiyo ni hesabu ya karatasini: kupaa, kushuka na kujipanga kutua huongeza muda.

Kwa barabara safari ni ndefu zaidi, km 560 hivi, na basi hutumia siku nzima au karibu yake. Sababu kubwa ni mto Rufiji. Barabara haiwezi kufuata pwani kupitia delta yake, hivyo huingia bara hadi Kibiti, huvuka mto, kisha hurudi pwani kuelekea Somanga na Lindi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivushwa kwa kivuko pale Ndundu. Daraja halikumaliza tatizo la mvua: mwezi wa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara eneo la Somanga wilayani Kilwa. Njia ya kuzunguka kupitia Songea na Masasi inazidi km 1,500, kwa hiyo kwa mgonjwa anayepelekwa Dar es Salaam ndege si anasa.

Mdomo wa mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, uko km 30 hivi tu kutoka uwanja wa Mtwara. Mji wa Pemba wa Msumbiji (si kisiwa cha Pemba) uko km 300 hivi kusini, karibu kuliko Dar es Salaam. Kwa gari hali ni tofauti, kwani Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali na pwani, Mtambaswala wilayani Nanyumbu.