Barabara ya Kuteremshia

Baba yangu alikuwa na Phoenix nyeusi yenye keria ya nondo iliyochomelewa hapa Muheza, na kwa miaka mingi keria hiyo ilinuka iliki. Aliondoka alfajiri na baiskeli tupu, akiikokota zaidi ya kuipanda, mpaka vijiji vya juu kule Amani. Kesho yake jioni alirudi na magunia mawili yamefungwa kwa mipira ya tyubu, na ndara zake za tairi zimelika upande mmoja. Kisigino ndicho kilichokuwa breki. Mteremko wa Amani ulizila breki za kawaida kabla hujafika Sigi, kwa hiyo wabeba iliki walikanyaga gurudumu la nyuma kwa mguu, kona baada ya kona.

Mimi nilirithi ufundi, sikurithi biashara. Baiskeli zinazokuja kibandani kwangu siku hizi ni za aina nyingine: usukani umepinda kama pembe za kondoo, matairi mapana yenye meno mafupi, breki za sahani. Ni baiskeli zilizotengenezwa kwa barabara za vumbi na changarawe, na wenye nazo, vijana wa Tanga na Dar es Salaam pamoja na wageni wa mbali, wanakuja kwa ajili ya njia zetu: Muheza hadi Kisiwani, Kisiwani hadi Sigi, Sigi hadi Amani, kisha Kwamkoro na mashamba ya chai. Nawaongoza mara kwa mara. Karibu kila safari, tukipumzika kwenye kona, kuna atakayeniuliza: "Mzee, nani alichonga barabara nzuri namna hii ndani ya msitu?"

Wanaiona nzuri kwa sababu inazunguka mlima polepole na haikati pumzi. Kutoka Sigi, penye kama mita 450 juu ya usawa wa bahari, unapanda mpaka zaidi ya mita 900 katika mwendo wa kilomita kumi hivi, na mahali pachache tu utalazimika kushuka ukokote. Mimi huwajibu kwamba upole huo hawakuwekewa wapandaji. Barabara za msitu huu zilichongwa kwa kufikiria mzigo unaoshuka.

Mzigo wa kwanza ulitarajiwa uwe kahawa. Mwaka 1891 kampuni ya Wajerumani ilifungua shamba Derema, ikiamini kwamba ardhi inayobeba miti mikubwa vile lazima ina rutuba. Haikuwa hivyo. Udongo wa Usambara Mashariki ni wa kale, una asidi, na chakula chake chote kinazunguka kati ya majani yanayooza na mizizi inayoyangoja. Ukikata miti, umekata na chakula. Kahawa ikadhoofika, lakini njia za kwenda kuifuata zilikuwa zimekwisha pasuliwa. Wakati huo huo reli ilikuwa inatoka Tanga: ilianza kujengwa mwaka 1893 na kufika Muheza mwaka 1896. Mlima ukawa na soko chini yake.

Mwaka 1902 Wajerumani wakaanzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe pale Amani, na bustani ya mimea kutoka kila pembe ya dunia yenye joto. Nikiwapitisha vijana hapo huwa nawaomba watembee, wasipande, kwani miti ile inastahili kutazamwa kwa miguu. Kuna mikafuri, mianzi, miti ya viungo. Kijiji cha jirani kinaitwa Mikwinini, na jina linajieleza: hapo ilipandwa miti ya kwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na manowari za Waingereza zikaziba pwani, Amani ndiyo iliyotengeneza kwinini kwa jeshi la kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, mpaka Waingereza walipofika mwaka 1916. Dawa ile nayo ilishuka kwa njia hizi.

Mbao zilikuwa na reli yao. Kati ya 1904 na 1910 ilijengwa reli nyembamba, upana wake robo tatu ya mita, kutoka kituo cha Tengeni kwenye reli kuu mpaka Sigi, kama kilomita 24. Haipo tena. Nyumba ya mkuu wa kituo bado imesimama Sigi, na hapo ndipo leo unapolipa kiingilio cha hifadhi. Mimi naipenda nyumba ile kuliko jengo lolote la wilaya yetu. Ukikaa barazani mwake ukiitazama misitu inayoufuata mto, unaelewa kwa nini reli iliishia hapo: juu ya hapo mlima unasimama wima, na magogo yangeweza kuteremshwa lakini treni isingeweza kupanda.

Enzi za Waingereza nitazipita haraka, ila jambo moja siwezi kulinyamazia, kwa kuwa ndilo mzigo bora kuliko yote. Miaka ya 1930 mihogo ya Afrika Mashariki ilikuwa inaangamizwa na ugonjwa wa batobato. Pale Amani mtafiti H. H. Storey na wenzake wakaanza kuuzalisha muhogo na ndugu yake wa porini, ule mti wa mpira ambao Wajerumani waliupanda mashambani. Wakapata vizazi vinavyostahimili ugonjwa. Mihogo mingi inayoliwa leo barani, hata Nigeria, ina ukoo unaorudi kwenye kazi hiyo. Mwaka 1948 utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, Kenya, na Amani ikabaki na watafiti wa malaria.

Chai ikabaki pia, nayo ndiyo iliyozifanya njia za Kwamkoro na Bulwa kuwa mabarabara ya malori. Kisha yakaja magogo kwa wingi ambao Wajerumani hawakuufikia. Nilikuwa mtoto, miaka ya mwisho ya 1970, na nayakumbuka malori yaliyopita Muheza kuelekea kiwanda cha mbao cha Sikh Saw Mills mjini Tanga. Gogo moja lilijaza lori. Mitambo ililetwa kwa msaada wa Finland. Na Finland hiyo hiyo ndiyo iliyogharimia uchunguzi wa msitu wa 1986 na 1987, ambao matokeo yake ukataji ukakoma. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia, hekta 8,380.

Iliki ya baba nayo ilikuwa na deni lake, na sitalificha kwa sababu ni la nyumbani kwetu. Iliki hupenda kivuli. Mkulima huacha miti mikubwa, hufyeka yote ya chini, na kwa mbali msitu unaonekana mzima. Lakini miche imekwisha, hakuna mtoto wa kumrithi mzee, na baada ya miaka michache udongo umechoka, mkulima anasogea mbele. Walipoondolewa wakulima wa iliki kwenye msitu wa Derema katika miaka ya 2000, kwa kulipwa fidia, baba alikuwa ameshaacha safari. Alisema tu kwamba gunia moja la iliki ndilo lililonilipia ada ya shule. Yote mawili ni kweli, na ninapopanda kule nayabeba yote mawili.

Njia ninayoipenda kuliko zote haimo kwenye simu za vijana. Ni tawi la zamani la kuburuzia magogo huko Kwamkoro. Mita mia chache za mwanzo zinapitika, halafu unakuta misizi imesimama katikati ya barabara. Msizi si mti wa kwetu. Uliletwa kwenye bustani ya Amani mwaka 1913, na baadaye ukapandwa kwa wingi. Hondohondo humeza matunda yake na kuyatawanya, nao hukimbilia kila penye uwazi. Barabara ilikuwa uwazi. Hapo tunazibeba baiskeli begani.

Mwaka jana kijana mmoja wa Tanga, mwepesi sana mlimani, aliiona Phoenix ya baba kibandani akaniomba aijaribu. Tukaipandisha Amani kwa gari, nikamfungia magunia mawili ya mchanga kwa mipira ya tyubu, nikamwonyesha kisigino kinavyokanyaga. Nilimsubiri Sigi, barazani. Ilimchukua karibu saa tatu. Alikuja akiishikilia baiskeli kwa nyuma, mikono miwili kwenye keria, soli ya kiatu cha kulia imefunguka kama mdomo. Aliiegemeza ukutani taratibu, akanijia.

"Shikamoo, mzee," alisema, ingawa asubuhi ile tulikwisha kuamkiana.