Walinzi wa Mashimo ya Kale

Reli ya Mpanda huachana na Reli ya Kati pale Kaliua, ikakata miombo kuelekea kusini-magharibi kwa kilometa 210 hivi, halafu inakoma. Haifiki Ziwa Tanganyika, haifiki Sumbawanga, haivuki mpaka wowote. Msafiri anayeteremsha mizigo yake kituo cha mwisho ana haki ya kuuliza nani alitandika reli ndefu kiasi hiki katika pori la mbung'o, na kwa nini akaikatishia hapa. Jibu limo ardhini. Reli ilifuata shimo.

Kabla ya shimo hilo, nchi hii ilikuwa ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, nchi ya asali na nta, vijiji vyake vikiwa mbali mbali. Malale yalikuwa yameisumbua magharibi yote ya Tanganyika, hata serikali ya Kiingereza ikawahamisha watu na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili mbung'o wadhibitiwe. Kisha ikaonekana kwamba miamba ya Mpanda ina madini ya risasi, tena yaliyochanganyika na fedha, shaba na dhahabu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, dunia ikijijenga upya na risasi ikitakiwa kwa betri, mabomba na nyaya, kampuni ya Uruwira Minerals ilianza kazi Mukwamba, eneo la Mpanda. Jina la kampuni lilitoka Uruwira, Ukonongo. Madini ya risasi ni mazito na bei yake kwa kilo si kubwa. Kuyabeba kwa lori hadi Kaliua kungemaliza faida yote njiani. Ndiyo sababu reli ikajengwa, na mwaka 1950 ikafika.

Kwa miaka kumi hivi Mpanda ikawa mji wa mgodi. Risasi yake ilitajwa katika mauzo ya madini ya Tanganyika pamoja na almasi ya Mwadui na dhahabu ya Geita. Mwishoni mwa miaka ya 1950 bei ya risasi duniani iliporomoka, na mwaka 1960, uhuru ukiwa umebakiza mwaka mmoja, mgodi ukafungwa.

Hapo Mpanda ingeweza kufa. Reli ya kusini, ile ya mradi wa karanga iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea, ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Reli ya Mpanda ilinusurika, ikapata kazi nyingine: mahindi, mpunga, tumbaku, na baada ya 1972 wakimbizi kutoka Burundi waliopewa makazi Katumba, kandokando ya njia hiyo hiyo. Leo ukipita Kawajense, Makanyagio au Nsemulwa, unapita katika kata za manispaa ambayo tangu 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Ni mji wa mazao, wa maofisi, na wa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Habari za mgodi uliouzaa zinabaki kwa wazee, na wazee hawaulizwi mara nyingi.

Kwingine Afrika Mashariki wapo watu walioamua kuulizwa. Ninaowasema hapa ni wenyeji ambao, mara nyingi bila mshahara na kwa miaka mingi kabla ofisi yoyote haijatia mkono, walilinda uwazi ulio chini ya ardhi, wakausafisha, wakaweka taa au ngazi, na kumweleza mgeni kilichotokea humo.

Wachagga ni miongoni mwa waliochimba sana. Marangu na kwingineko kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuna mahandaki ambayo wageni huyaita mapango, ingawa maji hayakuyachonga wala lava haikuyaacha. Yalichimbwa kwa mkono. Udongo wa volkano wa mlima ule una tabia ya kusimama wima baada ya kukatwa, hautitii upesi kama mchanga wa pwani, na watu wenyewe walikuwa mafundi wa kazi hiyo: ni hao hao waliochimba mifongo, ile mifereji iliyoteremsha maji kutoka msituni, ikayazungusha migongo ya vilima na kuyafikisha kwenye vihamba vya migomba. Anayejua kuyaongoza maji ng'ambo ya kilima hashindwi kujichimbia njia chini ya nyumba yake.

Mlango ulifanywa mwembamba makusudi. Adui aliyetaka kuingia ilimlazimu ainame au atambae, kichwa mbele, na mlinzi mwenye mkuki alikuwa akimngoja gizani. Ndani njia ilipinda, ikatoa vyumba vya watu na vya mifugo, mahali pa kupikia na matundu ya kuingiza hewa. Waongozaji wa Marangu husimulia kwamba udongo ulibebwa ukamwagwa mtoni, maana chungu ya udongo mbichi uani ingefichua siri nzima. Simulizi hiyo naikubali kwa urahisi. Kazi kubwa namna ile haifichiki kwa njia nyingine.

Lipo jambo moja ambalo mgeni huambiwa haraka mno. Husikia kwamba mahandaki yalichimbwa kwa ajili ya Wamasai, basi. Ni kweli Wamasai walivamia kutafuta ng'ombe. Lakini karne ya 19 mlimani ilikuwa pia karne ya mangi, yaani mtawala wa Kichagga, kupigana na mangi mwenzake. Horombo wa Keni alijenga ngome za mawe na kuzitiisha nchi za jirani. Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi walipigana miaka kadhaa. Marealle wa Marangu akatafuta urafiki wa Wajerumani ili awashinde wenzake. Februari 1891 ngome ya Sina ilivunjwa na Wajerumani chini ya kamanda wao Wissmann. Handaki lilimficha mtu kutoka kwa Mchagga mwenzake kama lilivyomficha kutoka kwa Mmasai. Charles Dundas aliyaeleza maficho hayo katika kitabu chake cha 1924 kuhusu Kilimanjaro na watu wake, na Henry Fosbrooke akaandika makala nzima juu ya ngome na maficho ya Wachagga katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1954. Mwongozaji anayemtaja Mmasai peke yake anarahisisha, na pengine anawalinda babu zake.

Hata hivyo ni mwongozaji huyo aliyeliacha handaki wazi. Sehemu nyingi zimebomoka au zimezibwa kwa kilimo na ujenzi. Zilizobaki zinaonekana kwa sababu ziko katika viwanja vya wenyeji walioona kwamba ni afadhali kumwongoza mgeni kwa taa hatua chache ndani ya handaki kuliko kulifukia na kupanda kahawa juu yake.

Pwani, hali ni nyingine. Shimoni, kusini mwa Kenya, mkabala na kisiwa cha Wasini, pango ni la asili, limetobolewa na maji katika mwamba wa matumbawe na lina njia ya kutokea baharini. Kijiji kimelifungua kwa wageni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya kamati yake chenyewe, na kiingilio kikasaidia karo za watoto na mahitaji mengine ya kijiji. Wageni huonyeshwa vyuma vilivyobaki ukutani na kuelezwa kwamba watu waliotekwa bara walifungiwa humo wakingoja jahazi. Wataalamu wa Kenya, miongoni mwao Herman Kiriama na Patrick Abungu, wamelichunguza pango hilo pamoja na kumbukumbu za wakazi, na picha waliyoiona ina tabaka nyingi kuliko kibao cha mlangoni: palikuwa pia mahali pa kujificha wakati wa uvamizi na mahali pa matambiko. Kijiji kilichagua kuitanguliza habari ya utumwa. Uamuzi huo unaeleweka, maana ndiyo habari inayomleta mgeni kutoka mbali, lakini mzee aliyekwenda pangoni kuomba mvua naye ana sehemu yake.

Mangapwani, kaskazini ya mji wa Unguja, kuna mashimo mawili yanayochanganywa kila siku. Moja ni pango la asili lenye maji baridi, ambalo husimuliwa kwamba liligunduliwa na kijana mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi. La pili ni chumba kilichochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe na kuezekwa kwa mawe, karibu na ufuo. Chumba hicho ni cha baada ya 1873, mwaka ambao Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Soko lilipofungwa mjini, biashara iliingia chini ya ardhi kwa maana halisi ya maneno hayo. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi kama huu kwamba sheria ya kwenye karatasi na mambo ya ufuoni yalikuwa vitu viwili.

Mapango ya Amboni, Tanga, ni somo la hadithi zinazokimbia mbele ya miguu. Miaka ya 1950 jambazi Osale Otango alisakwa na polisi wa kikoloni na mapango yale yakawa maficho yake. Hiyo ni historia. Kwamba njia za mapango hayo hufika Kilimanjaro, au Mombasa, ni ngano ya wapenda maajabu. Mapango ya Amboni ni ya chokaa, mwamba unaoyeyushwa polepole na maji. Kilimanjaro ni volkano. Maji hayawezi kuchonga njia ya chokaa mahali pasipo na chokaa. Mwongozaji mzuri husimulia ngano hiyo kwa raha zote, kisha humwonyesha mgeni ukuta na kumweleza kwa nini haiwezekani.

Nje ya Afrika, wanaonivutia zaidi ni wa Liverpool, Uingereza. Huko mfanyabiashara wa tumbaku Joseph Williamson, aliyefariki mwaka 1840, aliwaajiri wanaume wa mtaa wa Edge Hill wachimbe mahandaki ndani ya jiwe la mchanga. Sababu yake hakuisema, na watu wanabishana hadi leo. Alipokufa, mahandaki yakageuzwa jalala, yakajaa majivu, vigae na chupa. Tangu miaka ya 1990 watu wa kujitolea wamekuwa wakizoa taka hizo kwa ndoo, na katika taka wamepata maisha ya mtaa mzima: vyombo vya jikoni, chupa za dawa, viko vya udongo. Taka ya mmoja imekuwa nyaraka za mwingine.

Kwetu, serikali iko wapi katika haya? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakinga moja kwa moja majengo na kazi za mikono ya watu zilizofanywa kabla ya mwaka 1863. Zilizofuata zinahitaji tangazo la waziri. Ukiipima Mpanda kwa kipimo hicho, mgodi uliofungwa mwaka 1960 hauna ulinzi wowote wa moja kwa moja, hata kama ndio ulioleta reli, na reli ikaleta mji. Baadhi ya mahandaki ya Wachagga yenyewe yanaweza kuangukia upande usiofaa wa mstari huo, kwani vita vya mangi vilizidi kuwaka baada ya 1863. Kwa hiyo suala la nani atunze linarudi kwa jirani.

Tena mgodi una taabu ambayo pango halina. Pango la Shimoni halina kitu cha kuchimbwa. Mashimo ya zamani ya Katavi yako katika nchi yenye dhahabu, na mchimbaji mdogo anayefungua duara, yaani shimo lake, hana muda wa kuuliza kama mwamba ulio mbele yake ulitobolewa na kampuni miaka sabini iliyopita. Magogo ya zamani, ambayo wachimbaji huyaita matimba, huoza. Maji hujaa mgodi pampu zinaposimama. Kumwongoza mgeni chini ya ardhi Mpanda kama anavyoongozwa Marangu kungekuwa wazimu, na sipendekezi hivyo. Mfano unaofaa zaidi ni Kilembe, Uganda, ambako reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba kama ilivyofika Mpanda kwa ajili ya risasi, na uchimbaji ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huko nako mji umebaki na mgodi hauzalishi, na habari zake zimo vinywani mwa waliofanya kazi chini.

Ni vinywa hivyo ambavyo vijana wa Kawajense wangeanza navyo, kama wangetaka kujitolea. Kazi hiyo haihitaji taa wala ngazi. Inahitaji simu ya kurekodia na mtu wa kukaa na kusikiliza. Aliyekuwa na miaka ishirini mgodi ulipofungwa sasa ana zaidi ya themanini. Aliyekuwa mtoto akipeleka chakula kambini ana sabini na kitu. Wapo waliokuja kwa kipande, kadi ile ya siku thelathini za kazi iliyotawala vibarua wa Tanganyika, kutoka mikoa mingine, wakaoa hapa, wakazika wazazi hapa. Waulizwe walilipwa nini na nani, walishushwaje chini, walikula nini, waliimba nini wakipanda treni. Na kabla ya yote waulizwe lile ambalo mchimbaji wa dhahabu wa leo anahitaji kulijua kuliko mwanahistoria: kampuni ilipoondoka, ni mashimo yapi yaliyozibwa kwa zege, na yapi yaliyofunikwa kwa magogo na udongo tu.