Kujitolea katika maktaba ya zana

Kujitolea katika maktaba ya zana ni kazi isiyo na mshahara inayofanywa katika kituo kinachowaazimisha wakazi vifaa vya ufundi na bustani, kama vile keekee za umeme, misumeno na ngazi. Vituo hivyo vilianza kuenea Marekani katika miaka ya 1970. Cha Berkeley, California, kilichofunguliwa mwaka 1979, kiko chini ya maktaba ya umma na kina waajiriwa. Kile cha Edinburgh, Uskoti, kilichoanza mwaka 2015, hutegemea zaidi watu wa kujitolea. Hao husajili zana zilizotolewa msaada, huziazimisha na kuzikagua zinaporudishwa. Sehemu ngumu, isiyoonekana sana, ni matengenezo: kunoa makali, kubadilisha waya uliochubuka, kubaini kifaa kisicho salama. Mafundi wastaafu huhitajika zaidi hapo.