Tumbo la kuendesha: maji kwanza, vidonge baadaye

Wadau, kila masika ikikolea na vyoo vikaanza kutapika mitaani, stori ni ile ile. Mtu anaendesha usiku kucha, asubuhi anamtuma dogo duka la dawa alete Flagyl, anameza, anaendelea na mishemishe zake. Baada ya siku mbili tumbo limetulia, sifa zote zinaenda kwa Flagyl. Mara nyingi angepona tu hata bila hiyo. Flagyl inaua vijidudu kama amiba na giadia, lakini kuharisha majimaji, hasa kwa watoto, mara nyingi kunaletwa na virusi, na virusi havina habari na Flagyl.

Kinachoua ni kukaukiwa maji na chumvi za mwili. Kwa mtoto mdogo inaweza kuwa suala la siku moja tu, na kipindupindu kikali kinaweza kumlaza chini hata mbeba zege ndani ya saa chache. Wakazi wa Dar wanakumbuka ule mlipuko ulioanza Agosti 2015 ukasambaa mikoa mingi.

Sasa kwa nini chumvi na sukari? Maji matupu hayatoshi, kwa sababu utumbo uliovurugika unayapitisha mengi bila kuyanyonya, na chumvi iliyotoka hairudi. Lakini chumvi na sukari zikifika pamoja, ukuta wa utumbo unazivuta kwa pamoja na maji yanafuata nyuma. Njia hiyo inabaki wazi hata mtu akiwa na kipindupindu. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa Bongaon, India, kwenye kambi iliyojaa wakimbizi wenye kipindupindu, na dripu zikawa zinaisha. Akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji, ndugu wa wagonjwa wakawa wanawanywesha wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kati ya wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Hakuna mtambo hapo, ni kikombe na mtu wa kukaa na mgonjwa.

Pakiti ya ORS ndiyo bora. Ila watu wengi wanaiharibu: wanamwaga nusu kwenye glasi, wanakunja iliyobaki. Usifanye hivyo! Soma pakiti, kama imeandikwa lita moja tia yote kwenye lita moja. Huna chombo cha kupimia? Chupa mbili za maji za nusu lita ni lita moja, kwisha kazi. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, au yametiwa dawa ya klorini. Yakikaa zaidi ya saa 24 mwaga, changanya mengine.

Pakiti ikikosekana usiku wa manane: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe flati, sio mlima. Onja kwanza, yakiwa na chumvi kuliko machozi usimpe mtoto, chumvi ikizidi ni hatari yenyewe. Soda haifai, sukari yake nyingi inavuta maji kuyaingiza tumboni na kuharisha kunaongezeka. Dafu ni zuri kama kinywaji cha nyongeza, ila chumvi yake ni ndogo, lisichukue nafasi ya ORS.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, yaani robo mpaka nusu ya kikombe kikubwa. Wa miaka 2 hadi 10 mara mbili ya hapo. Mtu mzima anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena kijiko kimoja kimoja. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, kumbe taratibu taratibu mengi yanabaki.

Mtoto apewe na vidonge vya zinki, siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi 6. Endelea hata kama ameacha kuharisha siku ya tatu. Na ziwa asinyimwe, wala uji. Ile ya bibi kusema "mpumzisheni tumbo" inamwongezea mtoto udhaifu bure. Dawa za kufunga tumbo, za aina ya loperamide, mtoto mdogo asipewe kabisa.

Chanjo ya rota Tanzania ilianza kutolewa mwaka 2013 na ni ya matone mdomoni, kwa hiyo wenye vichanga msiruke kliniki.

Kuna wakati nyumbani hapatoshi. Macho yamezama, analia bila machozi, hakojoi, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, amelegea au hawezi kunywa: mkimbize hospitali. Choo chenye damu nacho kinahitaji daktari, na hapo ndipo antibiotiki inaweza kuwa na kazi. Choo kikiwa kama maji yaliyooshea mchele, kinachotoka mfululizo, hata kama ni mtu mzima usisubiri kupambazuke. Chukueni bodaboda au bajaji, na ile chupa ya ORS iende nanyi, aendelee kunywa njiani.